Sanduku la Bunduki ya Babu: Hotuba kwa Mafundi na kwa Wenye Kurithi

Hotuba hii ilitolewa Muscat mbele ya mafundi seremala na familia zinazozungumza Kiswahili. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja kusikiliza, nawashukuru kwa kuniita. Nimetakiwa nizungumze juu ya kazi ndogo kwa umbo lakini yenye dhamana kubwa, nayo ni kutengeneza kwa mikono sanduku la mbao na kioo la kuwekea bunduki ya urithi. Najua kwamba wengi wenu mliomo humu mnayo bunduki ya namna hiyo nyumbani. Wapo wenye gobori la utambi, lenye mtutu mrefu uliofungwa pete za fedha. Wengi zaidi wana Martini-Henry, ile bunduki ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871, na ambayo, baada ya jeshi hilo kuanza kuhamia bunduki mpya ya Lee-Metford mwaka 1888, ilimiminika katika masoko ya Ghuba kwa maelfu, Muscat ikiwa ndiyo bandari yake kuu, mpaka lilipofunguliwa ghala la serikali la silaha mwaka 1912 ili biashara hiyo itiwe mkononi. Babu zetu walizinunua, wakazibeba jangwani na milimani, wakazinyanyua katika razha, ile ngoma ya Waomani, siku za harusi na sikukuu. Leo zimetufikia sisi. Je, tutazifikisha kwa wajukuu zetu zikiwa bado ni bunduki, au tutawafikishia chuma kilicholiwa na kutu ndani ya sanduku zuri?

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Nimeyaona masanduku mengi mazuri yakiharibu kitu kilichowekwa ndani yake. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu yaliyotengenezwa vibaya hayakutengenezwa na watu wavivu. Yalitengenezwa na mafundi hodari, waliochonga nakshi za kupendeza, lakini waliojiuliza tu sanduku litapendezaje, wasijiulize litafanya nini. Sanduku hili ni la kuhifadhi kwanza, na la kuonyeshea baadaye. Narudia, ndugu zangu: la kuhifadhi kwanza.

Kabla ya kushika msumeno, ijueni bunduki yenyewe. Na jambo la kwanza la kujua ni kama imo risasi ndani au haimo. Msicheke! Martini-Henry ni nyepesi kukagua: unaelekeza mdomo wa mtutu mahali salama, unashusha wenzo ulio chini ya shingo ya kitako, kipande cha chuma kinainama, na unaona kwa macho yako kama chemba ni tupu. Gobori halisemi kwa urahisi namna hiyo, kwa sababu lilijazwa kwa mbele. Familia moja iliniletea gobori ambalo lilitundikwa ukutani tangu zamani za babu yao. Watoto walikuwa wakilishusha na kulichezea. Nikatia kijiti cha mbao ndani ya mtutu taratibu mpaka kikagota, nikakitia alama ya kalamu pale kilipokutana na mdomo, kisha nikakitoa na kukilaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake haikulifikia tundu la kuwashia. Ilipungua kwa upana wa vidole vitatu. Kulikuwa na kitu ndani, na kitu hicho kilikuwa baruti, kitambaa na risasi, vilivyoshindiliwa kwa mdeki na mtu ambaye amekwisha kufa zamani. Baruti nyeusi ikikaa kavu haifi; miaka mia kwake si kitu. Hatukuigusa tena. Tuliwaita polisi, akaja mtaalamu wao akaishughulikia. Kwa hiyo nawaambia mafundi: mteja akikuletea gobori, kijiti hicho kitangulie futi.

Baada ya hapo ndipo tupime. Martini-Henry ya askari wa miguu ina urefu wa takriban sentimita 124 na nusu, na uzito wake unakaribia kilo nne. Kwa hiyo nafasi ya ndani ya sanduku isipungue sentimita 138, ili kila ncha ipate nafasi ya kupumua na mkono upate pa kupita bila kugonga kioo. Chukueni boksi la karatasi ngumu, ilazeni bunduki juu yake, mchoreni umbo lake lote kwa penseli laini, wenzo, kitako na shabaha ya mbele. Mchoro huo ubaki karakana, na bunduki irudi kwa mwenyewe. Karakana ina vumbi, ina jasho, na si mahali pa kuilaza silaha ya watu kwa wiki kadhaa. Tena mnapoishika, vaeni glavu, kwa kuwa chumvi ya vidole huacha alama juu ya chuma, na alama hiyo hugeuka kutu yenye umbo la kidole chako.

Sasa nije kwenye mbao, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye siri ambayo wengi wetu hatukufundishwa.

Mzee mmoja aliniita nyumbani kwake niangalie sanduku alilolinunua kutoka Ulaya. Lilikuwa la mwaloni, zito, limeungwa kwa ustadi ambao hata mimi niliuonea wivu. Bunduki ilikuwa juu nyuma ya kioo, na chini kulikuwa na mtoto wa meza ambamo aliweka risasi za duara za gobori, zile tufe za madini matupu bila baruti, alizorithi pamoja na bunduki. Alipozitia zilikuwa za kijivu na laini. Aliponivutia mtoto wa meza, niliona tufe zimevaa unga mweupe kama chokaa, na moja ilipotikisika iliacha unga ule juu ya ubao na shimo ubavuni mwake. Yeye alidhani ni kuvu, akawa anazifuta kwa kitambaa. Nikamsihi aache, kwa kuwa unga ule ni sumu.

Je, ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mbao. Mwaloni hutoa hewani asidi ya siki, kidogo kidogo, kwa miaka mingi hata baada ya kukauka. Mlangoni au mezani hewa hiyo inatawanyika, haina madhara. Lakini ifungie ndani ya sanduku lenye kioo lisilopitisha upepo, nawe umeiweka bunduki yako katika chumba cha siki. Madini ya risasi ndiyo yanayoumia upesi zaidi, yakageuka unga. Chuma nacho hushika kutu mapema kuliko ambavyo kingeshika. Watu wa makumbusho wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1973, Andrew Oddy wa Makumbusho ya Uingereza jijini London alieleza jaribio ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina lake: kipande cha ubao au kitambaa hutiwa ndani ya chupa pamoja na vipande safi vya fedha, shaba na madini ya risasi, na maji kidogo, chupa ikafungwa na kuwekwa katika joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Metali zikitoka safi, kitu hicho kinaruhusiwa kukaa kabatini. Zikitoka zimechafuka, kinakataliwa. Fundi mwenzangu, huhitaji maabara ili upate faida ya fikra hii. Chupa yenye mfuniko mzuri, kipande cha ubao wako, kipande cha madini ya risasi kilichosuguliwa kwa msasa, maji kidogo katika kifuniko kidogo kando yake, na subira. Si jaribio la makumbusho, lakini ubao mbaya utajifichua.

Basi tutumie mbao gani? Mwaloni tuuache, na mbao za unga na chenga zilizogandishwa kwa gundi ya formaldihaidi tuziache pia, hata zikivikwa ngozi ya mbao nzuri, kwa sababu gundi ile nayo hutoa mvuke unaokula metali. Msaji tunao kwa wingi huku, na majahazi ya pwani zote hizi yaliundwa kwa msaji wa India. Ni ubao mzuri, lakini una mafuta, na sehemu ya kuungia yapasa ifutwe kwa spiriti kabla ya gundi, la sivyo kiungo kitaachia. Mkangazi ni mpole na unakubali randa. Mimi moyo wangu uko kwa mninga. Ubao huu kutoka misitu ya miombo una sifa ambayo kwa kazi hii naithamini kuliko rangi yake: hautapitapi sana. Ukikauka vizuri, husinyaa kidogo mno na kuvimba kidogo mno, na sanduku lenye kioo linataka ubao mtulivu. Mpingo tuubakishie vishikio na vifungo vidogo, maana ni mzito kiasi cha kuzama majini, na tena umekuwa adimu. Kutengeneza sanduku zima la mpingo ni israfu.

Hata hivyo, hakuna ubao usiotoa kitu kabisa. Kwa hiyo ndani ya sanduku, pale pasipoonekana, bandikeni karatasi ya alumini yenye ngozi ya plastiki, ile inayopigwa pasi ikashika, kisha juu yake ndipo kitandazwe kitambaa. Na mkishapaka vanishi, msiwe na haraka ya kukabidhi. Vanishi za mafuta hutoa mvuke wakati zinapokauka, na kukauka kwa juu si kukauka kwa ndani. Ziwe za maji mkiweza, na sanduku likae wazi muda wa wiki nne au zaidi. Mteja atalalamika; mwelezeni. Kama mnaziba kioo kwa silikoni, inuseni kwanza: ikinuka siki, iacheni dukani.

Tuje kwenye kuunga. Fundi mmoja wa huku pwani, mtu ninayemheshimu, alitengeneza sanduku la bunduki kwa ajili ya nyumba ya Nizwa. Ubao wa nyuma ulikuwa mmoja, mpana, wenye mistari ya kupendeza, naye akaupiga gundi na skrubu pande zote nne ili usicheze. Sanduku likapanda kwenda ndani ya nchi, ambako hewa ni kavu kuliko huku baharini. Ubao ukataka kusinyaa, haukuruhusiwa, ukapasuka kutoka juu mpaka chini kwa sauti iliyowaamsha wenye nyumba usiku. Kosa halikuwa la ubao. Ubao hausinyai kwa urefu wake kiasi cha kuhesabika; husinyaa kwa upana, na hakuna gundi wala skrubu inayoweza kuuzuia milele.

Kwa hiyo ubao wa nyuma ukae ndani ya mfuo wa fremu, bila gundi, ukiwa na nafasi ya milimita tatu kila upande wa kusogea. Gundi iwe kwenye fremu peke yake. Pembe za fremu ziungwe kwa ulimi na tundu, na pembe za sanduku kwa meno yanayoshikana, yale mapana mbele na membamba nyuma, ambayo hata gundi ikichoka hayachomoki. Wazee waliotengeneza milango ya Mji Mkongwe hawakuwa na gundi za leo, na milango yao ingali imesimama. Nakshi mkitaka, na mimi nazipenda, zichongeni juu ya fremu ya nje: mnyororo ukizunguka, waridi katikati ya kizingiti. Ndani pawe patupu, pasafi, pasipo na kitu kinachoshindana na bunduki kwa macho ya mtazamaji.

Bunduki itakaa juu ya nini? Juu ya vishikizi viwili vya mbao, na hapa nawaomba mafundi mnisikilize kwa makini. Martini-Henry ina wenzo mrefu unaopita chini ya shingo ya kitako. Watu wengi hukata kishikizi cha nyuma kikakaa pale shingoni, kwa sababu ndipo panapoonekana pembamba. Matokeo yake bunduki yote inaegemea wenzo, kilo nne za chuma na mbao ya mti wa jozi zikikandamiza kifungio kimoja kidogo usiku na mchana. Kishikizi cha nyuma kikae nyuma ya ncha ya wenzo, chini ya kitako chenyewe. Cha mbele kikae chini ya mbao ya mbele, baina ya chemba na pete ya kwanza. Hivyo uzito unabebwa na mbao na mbao, na hakuna metali inayoguswa. Kata umbo la kishikizi kwa msumeno mwembamba ukiacha nafasi ya milimita sita kila upande, kisha vika povu la polithini, lile jeupe lenye chembe ndogo zilizofungika. Usitumie sponji ya magodoro. Sponji ile huoza, ikawa unga wa njano unaonata juu ya chuma. Ukimaliza, weka bunduki, chukua kipande cha karatasi nyembamba, kipitishe baina ya bunduki na povu. Kikipita upande mmoja na kukwama upande wa pili, bado hujamaliza. Rudi ukichonge tena kwa tupa.

Tena ilazwe mlalo. Bunduki iliyosimamishwa kwa kitako miaka na miaka hushusha mafuta ya mtutu na mitambo ndani ya jozi, na jozi iliyolowa mafuta huwa nyeusi na laini, ikapoteza nguvu pale pale inapounganika na chuma.

Nguo ya ndani nayo ina kisa chake. Nyumba moja walilipa fedha nyingi ili gobori lao, lenye pete za fedha, likae juu ya kitambaa cha sufu cha rangi ya kijani. Kilipendeza mno. Baada ya muda pete zile zikawa nyeusi kama makaa, upande wa chini zaidi kuliko juu. Walimlaumu msichana wa kazi kwamba hapangusi. Msichana hakuwa na kosa lolote. Sufu ina salfa, na salfa ndiyo inayoifanya fedha iwe nyeusi. Kadiri wanavyoisugua ing'ae, ndivyo wanavyozidi kuila nakshi ya sonara. Tandikeni marekani, ndugu zangu, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo bibi zetu waliijua, ifuliwe mara kadhaa mpaka wanga wote utoke. Na mkanda wa ngozi wenye maganda ya risasi msiutundike humo humo kwa ajili ya pambo. Tazameni pale shaba inapogusana na ngozi: mtaona nta ya kijani imeota. Mkanda uwekwe mbali, na maganda yatolewe kwenye ngozi.

Nimebakiza hewa. Chuma kinataka ukavu. Jozi ya kitako haitaki ukavu uliopita kiasi, maana itapasuka. Makubaliano yao ni unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na zaidi ya idadi yenyewe, unyevu huo usipande na kushuka ovyo. Je, sisi tunaishi vipi hapa Muscat? Kiyoyozi kinafanya kazi mfululizo, kisha skuli zinafungwa, familia inakwenda Unguja kusalimia, kiyoyozi kinazimwa, na joto la bahari linaingia ndani ya nyumba kwa wiki sita. Nimeitwa zaidi ya nyumba moja mwisho wa likizo, kutu ikiwa imeota juu ya mtutu uliokuwa safi siku ya safari. Kwa hiyo tengenezeni sakafu ya pili ndani ya sanduku, yenye matundu, na chini yake trei inayovutwa kutoka nyuma bila kufungua kioo. Humo mtie silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, iliyotayarishwa kwa kiwango hicho cha unyevu. Kipima unyevu kidogo kiwekwe pembeni kinapoweza kusomwa. Sanduku lisiegemee ukuta wa nje, wala lisiwe chini ya kiyoyozi.

Kuhusu mwanga nitasema machache: taa ziwe za LED, zikae nje ya sanduku ili joto lake lisiingie, na ukali wa mwanga wake usizidi luksi 200, jua la dirishani lisilifikie kabisa. Kioo kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa, kwa sababu kikivunjika hakimwagiki, na mwizi hukipasua kwa taabu.

Na mwizi ndiye wa mwisho. Bunduki ya babu ni silaha mbele ya sheria, hata ikiwa nyuma ya kioo. Iandikishwe polisi, na kibali kiwe kwa jina la mtu aliye hai; nimeona vibali vyenye jina la marehemu, na warithi hawana habari. Wenye nia ya kuipeleka kwa ndugu zao Tanzania waanze na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kabla ya kupiga misumari kwenye kreti; Kenya nako kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Risasi nzima zisikae katika sanduku hilo kamwe. Kitasa kiwe cha chuma, bawaba zifungwe kwa skrubu zisizofikika mlango ukiwa umefungwa, na sanduku lenyewe lifungwe ukutani kwa boliti mbili zinazoingilia kwa ndani, nyuma ya kile kitambaa cha marekani. Fundi akabidhi funguo zote siku ile ile, mbele ya shahidi, na asibaki na hata moja.

Mezani pale nimeweka vipande vya mninga, mkangazi na msaji, na vishikizi viwili, kimoja kilichokatwa vibaya na kimoja kilichokatwa sawasawa, pamoja na mbao iliyochongwa kwa umbo la Martini-Henry. Njooni muipandishe wenyewe muone tofauti, na aliyekuja na vipimo vya bunduki yake tutakaa naye. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Wabillahi taufiq, wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.